Kwa msomaji wa Mbeya aliyechoka na malori ya transiti

Ndugu Mhariri, habari za kazi.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Mbeya ambaye barua yake mliitoa wiki mbili zilizopita, yule aliyesema malori ya transiti, haya yanayotoa mizigo bandari ya Dar kupeleka nchi jirani, yamezidi, yanaziba barabara, yanakula lami, na kwamba Wazambia na Wakongo watafute njia yao. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 17 kwenye njia hii ya Dar kwenda Lubumbashi kule Kongo, na barua yake nimeisomea kwenye simu nikiwa kwenye foleni hapa karibu na Tunduma, mpakani na Zambia, siku ya 4 leo. Sijamkasirikia hata kidogo. Anayosema kuhusu foleni ni kweli, nimeshaona kwa macho yangu bajaji imebeba mama mjamzito inahangaika kupenya katikati ya matela na haina pa kupita, utingo wangu akashuka akaanza kuwasimamisha wenzetu mmoja mmoja mpaka ikapita. Kwa hiyo kero yake naijua. Ila hilo neno la watafute njia yao limenikaa moyoni siku mbili hizi, kwa sababu nadhani hajawahi kukaa akawaza mtu asiye na bahari anaishije.

Hebu chukua mfano wa kiwanja cha nyuma, wengi mjini tunavijua. Umejenga nyumba nzuri, umeme upo, choo kipo, lakini kufika barabarani lazima upite ubavuni mwa nyumba ya jirani. Jirani akiamka vizuri unapita, akiamka vibaya anafunga geti, akipata msiba siku tatu huwezi kupitisha hata tofali, na lori la mchanga haliingii kwa hiyo mchanga unamwagwa barabarani unalipia mkokoteni kuuingiza ndani. Ramani ya nyumba ni ile ile, fundi ni yule yule, ila yako imekula hela kuliko ya jirani wa mbele, na bado kila ukitaka kupitisha kitu unatangulia kubisha hodi. Sasa Zambia ndo kiwanja cha nyuma. Inapakana na nchi 8 na kote ikitaka kufika kwenye maji ya chumvi inabidi ibishe hodi kwa mtu, kwetu, Msumbiji, Namibia, Angola, au ipite Zimbabwe au Botswana ndo ifike Afrika Kusini, yaani hodi mbili.

Kongo utaniambia ina bahari. Ndiyo, ipo, kipande kidogo kule Muanda upande wa Atlantiki, na bandari ya Matadi ipo mtoni. Lakini mwambie mtu wa Lubumbashi akafuate mzigo wake Matadi atakuona hujui unachosema, katikati hapo kuna misitu na mito na barabara ambazo mvua ikinyesha hazipitiki, kwa hiyo kwenye ramani ana bahari ila kwenye maisha yake bahari yake ni Dar es Salaam. Ndo maana ukitembea kwenye foleni hii ukauliza, lori baada ya lori unajibiwa Kongo, Kongo, Zambia, Kongo.

Nieleze kitu kimoja kilichonipata mwenyewe, mwaka 2022, maana bila hicho msomaji wangu ataona napiga siasa.

Mwishoni mwa mwezi wa 7 nilipakia Dar kontena la futi 40 la mchanganyiko, wafanyabiashara 6 wamechangia, na sehemu kubwa ndani ilikuwa majora ya vitambaa vya sare za shule. Kule Kongo watoto wanavaa juu nyeupe chini bluu, na shule zinafungua mwanzoni mwa mwezi wa 9. Mwenye majora alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi, ana meza sokoni na vyerehani vinne. Kila jioni alikuwa ananipigia, nami namjibu mama nimeshapita Kitonga salama, mama nipo Makambako, mama nipo mizani ya Uyole, mama kesho mpakani. Nilifika Ijumaa, tarehe 5 mwezi wa 8.

Mpakani karatasi zikakataa. Namba ya kontena inakuwa na herufi 4 na tarakimu 7, sasa kwenye fomu moja aliyechapa kaweka 8 mahali pa 3. Tarakimu moja tu. Kontena lipo hapo, sili haijaguswa, namba imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe unaisoma hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Ofisa akatoka nje tukaiangalia wote wawili, akaipitisha kidole namba kwa namba, akakubali kwamba hilo ni kosa la kuchapa na wala sio ujanja, ila akasema yeye kwenye sistimu hana ruhusa ya kusahihisha, mpaka ombi lirudi kwa wakala wetu Dar, wakala aandike barua, barua iende ofisi iliyotoa fomu, wakibadilisha huko ndo kwake itaonekana. Hiyo ni Ijumaa saa 9 alasiri. Jumamosi na Jumapili hakuna kitu, na Jumatatu ile ilikuwa Nanenane, sikukuu ya wakulima wetu. Upande wa pili Zambia nao Jumatatu ya wiki iliyotangulia walikuwa na sikukuu yao ya wakulima, kwa hiyo kazi zilikuwa zimeshalimbikizana. Wakulima wa kwetu na wa kwao ni majirani kabisa, Wanyamwanga wapo pande zote mbili za mpaka na mahindi ni yale yale, ila mwaka ule sikukuu zao zilipishana wiki moja na mzigo uliokuwa katikati ulilala Jumatatu zote mbili.

Nilikaa siku 9 kwa ajili ya hiyo 8 na 3. Baada ya hapo foleni ya kuvuka, kisha Isoka, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, halafu foleni nyingine ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ambayo wanaoijua wanaijua, halafu vibali vya upande wa Kongo. Lubumbashi niliingia wiki ya pili ya mwezi wa 9.

Yule mama alikuja mwenyewe yadi. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, hakufoka. Alivuta jora moja la bluu akalifungua kidogo, akalipima kwa mkono kuanzia vidole mpaka kifuani kama wanavyofanya watu wa vitambaa, akalikunja tena vizuri, akaniambia "Shofere, batoto bote bakwisha anza masomo." Basi, hakuongeza neno. Wazazi walikuwa wameshanunua kwa wachache waliokuwa na mzigo wa zamani stoo, na wale walikuwa wamepandisha bei wanavyotaka maana mpinzani wao alikuwa amelala Tunduma. Majora yake yakakaa mpaka mwaka uliofuata, na hela ya kuyanunulia alikuwa amekopa.

Sasa ninachotaka msomaji wa Mbeya akione ni kilichotokea baadaye. Siku hizi yule mama haagizi tena mwezi wa 6. Anaagiza mwezi wa 4, ili foleni ikimla mwezi mzima bado afike kabla shule hazijafungua. Yaani hela yake inalala miezi miwili mitatu zaidi kuliko ya muuza vitambaa wa Kariakoo, na riba ya mkopo haijui kama hela imelala, inahesabu tu. Analipia stoo, analipia mlinzi, analipia wasiwasi. Vyote hivyo anaviweka wapi? Anaviweka kwenye bei ya shati la mtoto wa darasa la kwanza. Kitambaa kimetoka kiwanda kimoja na cha Kariakoo, meli moja, tena labda kontena zilipangwa moja juu ya nyingine, ila mzazi wa Lubumbashi anakilipia zaidi, na kwenye hicho cha zaidi kilomita ni sehemu tu, kilichobaki ni kusubiri. Kilomita mimi nazimudu, lori likiwa zima na barabara iko wazi kutoka Dar mpaka hapa ni kilomita 900 na kitu, hata ukihesabu Kitonga, Mlima Nyoka na mizani zote njiani sio safari ya kutisha. Kinachoua ni kusimama.

Na kusimama kwenyewe kulivyo ni hivi. Lori haliwezi kuachwa. Usiku mmoja analala ndani mwingine anazunguka na tochi, kwa sababu wezi wa dizeli wanakuja na mpira na madumu na wanajua kufungua tangi bila kelele, na wengine wanachana turubai na wembe wanavuta mzigo huku lori la mbele limewaficha. Tunapika pembeni ya tairi kwa mtungi mdogo wa gesi, chai na ugali na dagaa, maji tunanunua kwa ndoo. Vijana wanaopeleka gari ndogo za IT, zile za Japani zinazopita kwenda Zambia na Kongo, wao hata pa kujinyoosha hawana, wanalala wamekaa kwenye usukani. Sisi wengi wetu malipo ni kwa tripu, kwa hiyo siku ya foleni haina mshahara, ina matumizi tu, posho ya njiani niliyopewa ya siku 12 naitafuna siku 25 halafu naanza kumpigia mke wangu simu Morogoro anitumie hela ya kula, mimi niliyeondoka nyumbani kutafuta hela. Hilo linadhalilisha. Tajiri wangu naye ana lake, kontena lazima lirudi Dar kwa wenye meli kabla siku zao hazijaisha, likichelewa analipa kwa kila siku, na mara nyingi linarudi tupu.

Na choo. Naomba mhariri usiikate sehemu hii. Wenyeji wa pembeni ya barabara wanalalamika kwamba madereva tunachafua mashamba na vichaka vyao, na wanasema kweli, inatuuma na sisi. Lakini umeweka mamia ya watu barabarani siku tano, siku kumi, hujawawekea choo hata kimoja, unategemea waende wapi? Kuna wakinamama madereva siku hizi, wachache lakini wapo, wao wanavumilia mpaka usiku uingie. Ugonjwa wa tumbo ukianzia kwenye foleni kama hii unasafiri mpaka Dar na unasafiri mpaka Lubumbashi.

Narudi kwenye watafute njia yao. Ndugu yangu, walishatafuta, na njia waliyoipata tuliijenga pamoja nao. Baba yangu alikuwa kibarua wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kipande cha Mlimba kwenda Makambako, kule kwenye milima ambako kuna mahandaki mengi kuliko sehemu nyingine yote ya reli, na mpaka anafariki alikuwa anatusimulia walivyokuwa wanatoboa mwamba bega kwa bega na Wachina. Chanzo chake ni kwamba mwaka 1965 tarehe 11 Novemba walowezi wa Kizungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia na mafuta ya Zambia wakati ule vilikuwa vinapita kwa hao hao walowezi. Mzee Kaunda, rais wa Zambia wakati ule, akajikuta amekaa kiwanja cha nyuma na jirani wa mbele ni adui yake. Mafuta yakawa yanapelekwa na malori kwa barabara ya vumbi kutoka Dar, magari yanatumbukia, watu wanakufa, barabara ile ikaitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likaisha bomba la mafuta la TAZAMA mpaka Ndola, kilomita 1,710, na siku hizi linapitisha dizeli. Kisha reli, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ikaanza kujengwa 1970 na ikakabidhiwa 1976. Nchi yetu ilikuwa maskini, na Mwalimu hakuwaambia Wazambia watafute njia yao.

Sasa ajabu inayoniumiza ni kwamba reli ile inapita hapa hapa Tunduma. Jioni nikitembea kunyoosha miguu naiona, imetulia kimya, na mimi na wenzangu tumejipanga kwenye lami kilomita na kilomita. Ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, haijawahi kufika hapo hata mwaka mmoja, na imekuwa ikishuka, vichwa vibovu, mabehewa pungufu, njia imechoka. Ndo kisa lami ya msomaji wetu inaliwa. Treni moja ya mabehewa 20 inaondoa malori yasiyopungua 20 pale Mbeya kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2025 umesainiwa mkataba na Wachina wa kuifufua, wanasema dola bilioni 1.4, mimi kama dereva labda ningeogopa kukosa kazi lakini hapana, ninaiombea kila siku, kazi ya kutoa mzigo stesheni na kuufikisha dukani itabaki na itanilaza nyumbani.

Wapo wanaosema kama wanategemea bandari yetu basi mpini tunao sisi. Kauli hii inanitisha kuliko zote. Nimeona mara nyingi kinachotokea mwenye njia akitikisa geti. Mei 2020 wakati wa korona mpaka wa Nakonde, upande wa Zambia hapa, ulifungwa siku kadhaa, hakuna aliyejua utafunguliwa lini, tulikaa hatuendi mbele haturudi nyuma, na kila mtu anatuogopa kama sisi ndo ugonjwa wenyewe. Agosti 2024 Kongo ilizuia vinywaji kutoka Zambia, Zambia nayo ikafunga mipaka yake na Kongo, Kasumbalesa na Mokambo na Sakania, na sisi wenye kontena za watu wa tatu kabisa tukageuka mateka wa ugomvi wa soda na bia. Mwaka 2025 mwezi wa 4 ilikuwa zamu yetu na Malawi, wao walikuwa wamezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kuingia kwao, sisi tukajibu kwa kuzuia mazao yao na ya Afrika Kusini, na ingawa yalimalizwa kwa mazungumzo baada ya muda mfupi, wafanyabiashara wa Malawi wanaotegemea Dar walikuwa roho juu. Mimi kwenye chanzo cha ugomvi ule naona Malawi walikosea, kuwazuia wakulima wetu wa Kyela na Mbarali sio ujirani. Lakini kulipa kisasi kwa mtu ambaye wewe ndo mlango wake inabidi upime mara mbili, maana ni kama kumnyima jirani maji ilhali bomba linapita uani kwako.

Waganda wao wana kumbukumbu yao. Januari 2008 Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, barabara ya kutoka Mombasa ikazibwa, reli ikang'olewa pale Kibera, na Kampala na Kigali na Bujumbura mafuta yakaadimika, watu ambao hawakupiga kura Kenya wala hawana mgombea kule wakapanga foleni na vidumu.

Duniani nchi zinazoendelea zisizo na bahari ziko 32 na nusu yake, 16, ni Afrika. Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982 imewapa haki ya kufika baharini na kupitisha mizigo kwa majirani bila kutozwa ushuru wa forodha, isipokuwa malipo ya huduma walizopewa. Na wakubwa wa zamani walilijua hili kabla yetu, Wabelgiji walipochukua Burundi na Rwanda walienda kwa Waingereza waliokuwa wanatawala Tanganyika, na mwaka 1921 wakapewa maeneo yao wenyewe ya kushushia mizigo pale Dar na Kigoma kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Faranga moja! Mkoloni alimrahisishia mkoloni mwenzake, sisi ndugu tunasumbuana kwa tarakimu.

Na tusijidanganye kwamba hawana pa kwenda kabisa. Hodi wanaweza kubisha kwingine. Kule Angola reli ya kutoka bandari ya Lobito mpaka Kongo imeshapewa wawekezaji kwa miaka 30, Wamarekani na Wazungu wameiunga mkono, na shaba ya Kongo imeshaanza kupanda treni kwenda Atlantiki. Nimeongea na madereva wenzangu pale Kolwezi, Kongo, wanasema matajiri wao wanaulizana kila wiki, Dar siku ngapi, Lobito siku ngapi, Durban siku ngapi. Hawaulizi kilomita, wanauliza siku. Mzigo wa Zambia na Kongo ukihama Dar, atakayeumia wa kwanza ni huyo huyo wa Mbeya, maana gereji za Uyole na Mbalizi, mama lishe, wauza matairi, gesti, vituo vya mafuta, wachenjaji wa kwacha hapa Tunduma, wote wanakula kwenye malori haya.

Inawezekana kubadilika, hilo nalisema kwa uhakika. Kazungula kati ya Zambia na Botswana zamani lori lilikuwa linasubiri pantoni siku na siku, kukajengwa daraja likafunguliwa Mei 2021 na leo unavuka. Wenzetu wa Mombasa mpaka Kampala, baada ya forodha za Afrika Mashariki kuunganishwa mwaka 2014, safari iliyokuwa inachukua siku 18 ikashuka mpaka kama siku 4, na barabara haikufupishwa hata mita moja. Hapa kwetu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa 2019, jengo zuri, tulishangilia sana siku ile, ila jengo moja bado lina karatasi za nchi mbili ndani yake na foleni unaiona.

Kwa hiyo ninayoomba ni machache na mengine wala hayahitaji mkopo wa mtu. Ofisa aliyepo mpakani, aliyeliona kontena kwa macho, apewe ruhusa ya kusahihisha kosa la kuchapa pale pale, akasaini yeye na mwenzake wa upande wa pili, wakapiga picha, wakaweka kwenye sistimu. Kama kuna hofu ya wizi basi hiyo picha na saini mbili ni ushahidi mkubwa kuliko barua ya kutoka ofisi ambayo haijawahi kuliona hilo kontena. Usiku kazi ifanyike pande zote mbili kwa nguvu ile ile ya mchana, maana upande mmoja ukikesha na mwingine ukisinzia ni sawa na wote wamelala. Sikukuu za majirani zipangiwe zamu mapema, kalenda zipo. Na malori yasubiri kwenye yadi, sio barabarani, yadi yenye choo na maji na taa na uzio, iwe nje ya mji, dereva apewe namba aitwe kwa meseji zamu yake ikifika. Halmashauri itoze ada ndogo, mimi ninailipa leo hii bila kinyongo, kuliko ninavyoilipa sasa kwa wezi wa dizeli. Hapo msomaji wetu atapata barabara yake, mama mjamzito atapita na bajaji.

Kwako Mhariri nina ombi la mwisho. Kila siku gazeti lenu linachapisha viwango vya dola na randi na shilingi ya Kenya, na mnachapisha bei ya mahindi na maharage sokoni. Naomba mtenge mistari miwili tu hapo hapo chini, Tunduma siku ngapi wiki hii, Kasumbalesa siku ngapi, Rusumo, Kabanga, Mutukula. Mwandishi wenu wa huku akiuliza madereva kumi asubuhi moja anapata jibu, mimi nipo tayari kuwa mmoja wao, namba yangu nimeiacha kwa huyo aliyepokea barua hii. Mkichapisha kila wiki hakuna ofisi itakayosema foleni imeisha wakati haijaisha, na yule mama wa Lubumbashi mtu atampigia picha ukurasa amtumie kwenye simu, atajua kama aagize mwezi wa 4 au anaweza kusubiri wa 6.

Wenu,
Dereva wa masafa,
Tunduma, Songwe.